Juu ya Motokaa Ndogo

Yako maswali mawili ambayo watu huyachanganya mara kwa mara, na kwa kuyachanganya huhukumu vibaya. La kwanza ni hili: kitu hiki chafaa nini? La pili ni hili: mtu aliyekifanya ametumia vema wakati wake, au ameupoteza? Tumezoea kudhani kwamba jibu la swali la kwanza hutosha kuwa jibu la swali la pili, na kwamba kitu kisicho na matumizi hakiwezi kuwa zao la saa zilizotumiwa kwa haki. Nataka kuyatenga maswali hayo, nami nitatumia kitu kidogo ambacho msomaji amekiona mara nyingi bila ya kukitazama: motokaa ndogo iliyoundwa kwa mkono, kwa mabua, waya au bati, kwa kufuata mfano wa motokaa kubwa ipitayo barabarani.

Mahali pa kuanzia ni Muyama, katika nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, karibu na mpaka wa Burundi. Zamani Muyama ilihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu. Tangu kufanywa kwa Wilaya ya Buhigwe mwaka 2012 imo katika wilaya hiyo mpya. Ni nchi ya vilima na migomba, maharagwe na kahawa. Barabara zake za udongo hutoa vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua huwa telezi hata madereva hodari husimama chini ya mlima wakangoja jua. Pengine ndiyo sababu lori hutazamwa sana huko. Chombo kipitacho kwa kasi hakionekani. Chombo kilichokwama huonekana chote, juu na chini, na watoto huchuchumaa saa nzima wakilisoma tumbo lake.

Uundaji huanza kwa bua. Mtoto hukata bua kavu la mtama au la mahindi akalimenya. Ganda lake gumu huwa vyuma vya fremu, na moyo wake mwororo huwa viungo ambamo ncha za ganda huchomekwa. Miiba huwa misumari. Gari la bua hudumu siku mbili au tatu, na mvua moja hulimaliza. Baadaye, mkono ukishapata nguvu ya kutosha, huja waya: waya wa ua, spoki za baiskeli zilizokatika, waya wa breki uliofumuliwa. Magurudumu hukatwa katika nyayo za ndala zilizokwisha, au huwa vizibo vya chupa, au makopo ya rangi ya viatu yaliyojazwa udongo ili yawe mazito. Usukani huwekwa katika ncha ya ufito mrefu utokao katika ekseli ya mbele hata kufika kifuani, na mwenye gari hutembea wima nyuma ya chombo chake, akikata kona kwa mikono miwili, na kinywa chake kikibadilisha gia. Wasichana huunda pia, ingawa kwa uchache. Na kwa kuwa hutumwa maji na kuni mapema kuliko kaka zao, wengi huacha kabla mkono haujakomaa. Hilo nalo ni jambo la haki, nami nitaligusa tena kwa njia nyingine.

Mtu mzima apitaye huona gari la kuchezea. Watoto hawasemi hivyo. Mmoja ameunda Fuso, mwingine Scania, wa tatu Land Cruiser ya wagonjwa. Na mtu akiipa Fuso pua ndefu wenzake watamcheka mpaka aibomoe. Nimesikia mabishano juu ya idadi ya matairi ya nyuma ya lori fulani yaliyoendeshwa kwa ushahidi mwingi kuliko niliousikia katika baraza nyingi za watu wazima. Hapa tayari pana jambo la maadili. Mtoto ametambua kuwa iko kweli iliyo nje yake, isiyomtegemea yeye, na kwamba kazi yake itapimwa kwa kweli hiyo. Hana mwalimu wa kumpa alama wala zawadi ya kumvuta. Analo lori tu, ambalo halijui kuwa linaigwa.

Wala kuiga si kazi nyepesi kama idhaniwavyo. Chukua lori lenye urefu wa mita 8, ulipunguze mara 20 kwa kila upande. Urefu wake utakuwa sentimita 40. Lakini eneo la bati lake litakuwa limepungua mara 400, na uzito wake mara 8,000, hata lori la tani 8 litakuwa na uzito wa kilo 1. Galileo aliieleza kanuni hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, akaonyesha ya kuwa mfupa wa mnyama mkubwa hauwezi kuwa mfupa wa mnyama mdogo ulioongezwa urefu na unene kwa kadiri moja. Mtoto wa Muyama hajasikia jina la Galileo, lakini kanuni yenyewe amekutana nayo njiani. Ameona ya kuwa bati lenye unene wa milimita 2, likipunguzwa kwa kipimo kile kile, lingekuwa karatasi. Na kwamba springi zilizopindwa sawasawa na zile za kweli hukaa kavu, hazilegei, kwa maana kilo 1 haina nguvu ya kuzilemea. Basi hana budi kuchagua. Akifuata kipimo bila kukengeuka, gari litakuwa zuri na halitakwenda. Akitaka liyumbe shimoni kama lori la kweli, sharti alainishe waya na kuudanganya kidogo mfano. Mwenye kuunda kitu kidogo kwa mfano wa kitu kikubwa hukutana na swali hili kila jioni: aiaminie sura, au aiaminie kazi? Na hakuna kitabu cha kumjibu.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake, aliwashutumu waigaji wote. Alisema kipo kitanda cha asili, ambacho ni wazo lenyewe. Kipo kitanda cha seremala, kinachofuata wazo hilo. Na kipo kitanda cha mchoraji, kinachofuata sura ya kitanda cha seremala, nacho ki mbali na kweli kwa daraja kadhaa. Hoja hiyo ni kali kwa mchoraji, ambaye aweza kukipaka kitanda rangi pasipo kujua kimeungwaje. Kwa muundaji wa motokaa za waya nadhani haina nguvu. Gurudumu lake lazima lizunguke. Usukani wake lazima uvute ekseli upande ule ule aukatao, na mtoto aliyefunga waya kinyume atajua kosa lake kwenye kona ya kwanza, pasipo kuambiwa na mtu. Huyu haigi sura peke yake. Anauliza kila sehemu ina kazi gani, na jibu lake hujaribiwa na barabara.

Utetezi ambao husikika zaidi, hata hivyo, hauhusu kweli. Husema: mwacheni mtoto acheze, kesho atakuwa mhandisi. Utetezi huu ni mkongwe. Plato huyo huyo, katika kitabu cha kwanza cha Sheria, alishauri mtoto atakayekuwa mjenzi acheze kwa kujenga nyumba ndogo, na apewe vyombo vidogo vilivyofanana na vya kweli. Huko Marekani kampuni ya General Motors ilifanya mpango mzima juu ya fikira hiyo. Tangu mwaka 1930 hadi 1968, chama cha vijana cha Fisher Body kiliwashindanisha wavulana katika kuunda vielelezo, kwanza magari ya farasi ya kifalme, kisha, tangu 1937, motokaa za kubuni kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Washindi walipewa fedha za kusomea chuo kikuu, na baadhi yao waliishia kubuni motokaa kubwa katika kampuni ile ile. Karibu na kwetu hutajwa William Kamkwamba wa Malawi, aliyeunda kinu cha upepo cha kutoa umeme akiwa kijana, naye amesimulia namna alivyounda malori utotoni kwa maboksi ya pombe ya Chibuku.

Mifano hii ni ya kweli, nami sina neno dhidi ya mtu yeyote aliyefanikiwa. Lakini utetezi wenyewe una sumu ndani yake. Ikiwa thamani ya lori la waya ni mhandisi atakayetoka humo, basi malori ya wale wasiokuwa wahandisi yalikuwa hasara. Huko Muyama wengi wa waundaji watashika jembe. Baadhi wataendesha pikipiki za kuchukua abiria, baadhi watakwenda Kigoma mjini au Dar es Salaam kutafuta riziki. Je, tumwambie mkulima wa miaka arobaini kwamba jioni zake za utotoni zilikuwa deni asilolilipa? Mchezo wa mmoja hausamehewi kwa sababu alipata cheo, wala wa mwenziwe haugeuki kuwa kosa kwa sababu hakukipata. Walicheza mchezo mmoja, kwa uangalifu ule ule, na pengine aliyebaki na jembe ndiye aliyekuwa na mkono mzuri zaidi.

Tulitazame pia jambo hili kwa upande wa pili. Katika Kivu ya Kaskazini, huko Goma, wako watu waundao chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, ambacho huchukua magunia ya viazi na makaa kutoka milimani. Chukudu ni ndugu wa gari la mtoto kwa sura na kwa vifaa, lakini chenyewe hulisha nyumba, hata mji wa Goma umekisimamishia sanamu. Swali la kwanza limejibiwa vizuri: chafaa. Lakini faida ya kitu haijasema lolote juu ya wema wa aliyekifanya. Watu waliofua minyororo iliyopita Ujiji katika karne ya 19 walifanya vitu vilivyofaa sana kwa kazi yake. Ikiwa manufaa hayawezi kumhesabia haki mfua minyororo, sioni kwa nini kukosekana kwa manufaa kumhesabie hatia mtu wa waya na vizibo.

Lipo jambo lingine ambalo huniudhi kidogo, nami nitalisema upesi. Katika Ulaya na Marekani watu wazima, wenye ndevu na mishahara, hukaa usiku wakiunda motokaa ndogo. Jack Odell wa London aliunda kwa shaba mtambo mdogo wa kushindilia barabara kwa ajili ya binti yake, aliyeruhusiwa kupeleka shuleni kitu cha kuchezea kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na kutokana na kitu hicho ukatoka mwaka 1953 ukoo wa magari ya Matchbox ulioenea duniani. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza masanduku ya sehemu za plastiki ambazo mnunuzi aliweza kuziunga kwa njia tatu: kama motokaa ilivyotoka kiwandani, kama mwenyewe apendavyo kuigeuza, au kama ya mashindano. Watu hao wana vyama, maonyesho na magazeti yao, na shughuli yao huheshimiwa kuwa burudani ya akili. Kijana wa Muyama akifanya kazi ile ile, bila sanduku wala gundi wala karatasi ya maelezo, picha yake hupigwa ili kuonyesha umaskini. Husemwa kwamba anaunda kwa sababu hana cha kununua. Na akiendelea kuunda baada ya kuoa husemwa kwamba akili zimempungua. Kitendo kimoja kimepewa majina matatu, na tofauti ya majina haitoki katika kitendo.

Yuko fundi mmoja wa baiskeli huko Muyama aliyepewa jina hilo la tatu. Umri wake umepita miaka sitini. Mchana hutengeneza baiskeli na pikipiki chini ya mwembe. Jioni huunda malori. Kwa muda wa miaka kumi hivi ameunda sita. Hayafanani na ya watoto: bati lake limekatwa kwa kipimo, ribiti zake ni vipande vya spoki vilivyogongwa ncha, na milango hufunguka. Jirani zake humwita mzee wa makopo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dharau.

Ili kazi yake ieleweke, yapasa kukumbuka lori lilikuwa nini katika nchi ya Waha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini vilima vya Kasulu na Kibondo vilibaki mbali nayo, na serikali ya kikoloni iliihesabu nchi hiyo kuwa ghala la nguvu za watu. Tangu 1944 shirika la kuajiri watu wa mkonge, lililojulikana kwa jina la SILABU, liliwakusanya vijana kwenda mashamba ya Tanga na kwingineko. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, na watu waliokuwa wakikaa mbalimbali katika mashamba yao walihamishiwa katika vijiji vipya. Mwaka huo huo mauaji ya Burundi yaliwavukisha watu mpakani, na ikawa hivyo tena mwaka 1993, na tena 2015. Kambi zilifunguliwa, Nyarugusu mwaka 1996 na nyingine kabla na baada yake. Nyingine zilifungwa, kama Mtabila mwishoni mwa 2012, na watu wakarudishwa kwao. Karibu katika kila moja ya habari hizo lori lipo. Lilileta chumvi, nguo na vitabu vya shule, sikatai. Lakini lilileta pia karani mwenye orodha, na aliyepanda bodini aghalabu si yeye aliyeamua saa ya kuondoka.

Fundi huyu alikuwa mtoto wa miaka minane hivi wakati wa Operesheni. Nilipomwendea na kumwamkia, "Shikamoo, mzee," aliitikia, "Marahaba, mwanangu," pasipo kuinua macho, kwa maana alikuwa akipinda bawaba. Lori lililokuwa mbele yake lilikuwa la aina ambayo haionekani tena barabarani, lenye kichwa cha mviringo na taa mbili zilizotokeza. Alisema ndilo lililowachukua yeye na mama yake, na mbuzi wawili, na milango ya nyumba yao ambayo baba yake aliing'oa ili isibaki. Mbao za bodi zilikuwa na idadi yake sawa. Kioo cha upande wa kushoto kilikuwa na ufa, nao ulichorwa. Palikuwa na mahali pa gurudumu la akiba pasipo gurudumu, kwa sababu, alisema, siku ile halikuwapo.

Nililigeuza nikaona kitu kimoja kisicho cha kawaida. Komeo la mlango wa nyuma wa bodi lilikuwa upande wa ndani.

"Mzee," nikamwuliza, "komeo hili mbona liko ndani? Malori hufungwa kwa nje."

"Najua," akasema. "Lile lilikuwa nje." Akaendelea na bawaba yake. Baada ya kitambo akasema, "Hili nimeliunda mimi."

Sikuhitaji kuuliza zaidi, lakini msomaji ana haki ya kuuliza kama badiliko lile ni uongo. Kielelezo ni ushahidi. Na shahidi aongezaye au apunguzaye amevunja kiapo. Mimi naona ya kuwa jibu limo katika ule uaminifu wa mambo mengine yote. Kama lori lile lingekuwa la kubuni, lenye mabawa na taa ishirini, komeo la ndani lingepotea katika wingi wa ajabu zake, wala lisingesema kitu. Kwa kuwa kila ubao upo mahali pake, na ufa upo, na hata gurudumu lisilokuwapo halipo, komeo lile laonekana kama neno moja jipya katika ukurasa ulionakiliwa kwa makini. Asiyekuwa na deni la kweli hawezi kusema neno hilo. Mtu huyu hakuweza kulisimamisha lori lile mwaka 1972, na hakuna mwaka ambao angeweza. Alichoweza ni kulijua lote, mpaka ubao wa mwisho, kisha kulihukumu katika jambo moja. Hukumu hiyo haimrudishii mtu shamba. Lakini ni hukumu, nayo imetolewa na mtu ambaye siku ile aliandikwa katika orodha tu.

Sisemi kwamba kila ageuzaye mfano anahukumu. Vijana wengi huongeza taa nane na bendera mbili kwa sababu wanataka gari lao litazamwe, na majina waandikayo juu ya kioo ni yale yale yaliyo katika mabasi. Hilo ni pambo, na pambo halina hatia wala uzito. Lakini mazoea ni yale yale ya mkono, na nadhani mtu hawezi kulifikia badiliko la pili ikiwa katika utoto wake hakuruhusiwa lile la kwanza.

Mkewe fundi ana neno, na neno lake halipasi kupuuzwa na watu wapendao sifa za sanaa. Aliponikaribisha uji aliniambia, kwa upole, mumewe akisikia: "Mwanangu, mwulize baba yako huyo, betri za tochi anazomulikia makopo yake hununuliwa na nani?" Zilinunuliwa kwa maharagwe yake yeye. Kisha akasema jambo ambalo lilinishughulisha kuliko komeo. Alipokuwa msichana alisuka vikapu vyenye maua, na watu walimjua kwa ua moja ambalo wenzake hawakuliweza. Tangu mtoto wa tatu hajasuka hata kimoja cha namna hiyo. Husuka vya kubebea mihogo, visivyo na ua, kwa sababu ua hutaka jioni nzima, na jioni zake zina wenyewe.

Hapa utetezi wote nilioutoa unafika ukingoni mwake. Ni kweli kwamba mtu ana haki ya kazi isiyo na faida. Lakini saa za kazi hiyo hutoka mahali, na mara nyingi hutoka katika mkono wa mtu mwingine. Mume hawezi kumjibu mkewe kwa kusema kwamba lori ni la kweli, wala kwamba lina hukumu ndani yake. Mke hakuuliza hayo. Aliuliza kwa nini katika nyumba yenye watu wawili wenye mikono, mmoja amebaki na lori na mwingine hana ua. Sheria ya manufaa ingewanyang'anya wote wawili ili wabaki sawa. Wako waume wengi ambao wangeiona kuwa ni haki. Mimi naona ni dhuluma iliyozidishwa mara mbili. Kinachotakiwa ni jioni kugawanywa, na hilo ni jambo dogo kulisema, na gumu sana katika nyumba ambamo maji yapo bondeni. Nilimwona fundi akimsikiliza mkewe akiwa ameinamisha kichwa. Hakujibu, nami sijui kama alikuwa na jibu.

Kuhusu fedha, habari ni fupi. Mgeni mmoja aliyepita alilinunua lori la nne kwa bei nzuri, akaagiza kumi kama lile. Fundi alianza la kwanza katika hayo kumi, akaliacha katikati. Aliniambia kwamba alijikuta akilitazama lori lake mwenyewe, yaani picha ya lile lililokwenda, na hakuwa tena akilikumbuka lori. Mkewe alipenda yaundwe yote kumi, na angekuwa na sababu: bei ya lile moja ilinunua godoro na madaftari ya mjukuu. Simlaumu fundi kwa kuacha, wala singemlaumu kwa kuendelea. Kuuza si najisi. Ila aliyenunua alidhani amelipia lori, na fundi alijua kuwa sehemu fulani ya kazi ile haikuwa katika bei, kwa sababu haikuweza kufanywa mara kumi.

Limebaki swali la mwisho, nalo ni la watu wote wa kazi hii, wa London kama wa Muyama: kielelezo kikisha kwisha, kiwekwe au kichezewe? Wakusanyaji wa Ulaya huyathamini zaidi magari ambayo hayakutolewa katika maboksi yake, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni namna ya kulizika gari kabla halijazaliwa. Fundi hawezi hata kulifikiri. Lori la mwaka 1972, lilipokwisha, alimpa mjukuu wake wa miaka saba, naye akalifunga ufito na kulipeleka barabarani siku ile ile. Lilirudi na kioo kimevunjika penye ule ufa. Babu akatengeneza. Likarudi tena likiwa na ekseli iliyopinda, akatengeneza tena.

Mara ya mwisho nilipopita, mjukuu alikuwa akiliteremsha mlimani likiwa limejaa maharagwe ya kuchezea, na nikaona ya kuwa amelifunga mlango wa nyuma kwa uzi wa mkonge, kwa nje, mafundo mawili. Nikamwuliza sababu. Akasema komeo la babu hufunguka lenyewe njia ikiwa mbaya, na mzigo wote humwagika. Fundi alikuwa karibu, akitia pumzi tairi la mteja. Alikwisha kuuona uzi ule, alisema, tangu juzi, naye ameuacha.